Uigaji wa mtiririko wa damu katika aneurizimu ya ubongo iliyotibiwa: namba zipi niziamini?

Mwanauzamili_Dar aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi mitambo hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu uigaji wa kompyuta wa mtiririko wa damu ndani ya aneurizimu za ubongo, yaani pale ambapo ukuta wa ateri umedhoofika ukatuna kama kifuko. Kwa kuwa sina kibali cha kutumia picha za wagonjwa wa hapa nchini, nimechukua umbo la ateri kutoka kwenye mkusanyo wa Aneurisk, uliotokana na mradi wa watafiti wa Italia na kuachwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Aneurizimu niliyoichagua iko kwenye ateri ya karotidi ya ndani, ina kipenyo kinachokaribia milimita 7, na shingo yake ni pana.

Nilianza na ateri kama ilivyokuwa kabla ya matibabu, kisha nikatandaza stenti ya kugeuza mtiririko, yaani neli ya nyuzi za metali zilizofumwa inayowekwa ndani ya ateri, mbele ya shingo ya aneurizimu, nikiiwakilisha kama utando mwembamba wenye vitundu badala ya kuchora kila uzi wake. Ninatumia OpenFOAM, programu ya kuigiza mtiririko wa vimiminika, densiti ya damu ya kilo 1060 kwa mita ya ujazo, mnato usiobadilika wa paskali-sekunde 0.0035, na mtiririko wa wastani wa mililita 4 kwa sekunde. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 16 tu, hivyo wavu wangu wa hesabu una vichumba milioni 1.6, na mapigo matatu ya moyo huchukua usiku mzima kukokotolewa.

Mambo matatu yananitatiza. La kwanza ni kwamba mwenzangu ametumia umbo lilelile, lakini aliikata ateri mahali tofauti na pangu na akaulainisha uso wake zaidi. Mimi nilipata wastani wa mkazo wa msuguano kwenye ukuta wa kifuko wa paskali 1.4 kabla ya matibabu, naye akapata 2.0, ilhali tulipolinganisha jinsi kasi ya damu ndani ya kifuko ilivyopungua baada ya kuweka stenti, tulikaribiana: mimi asilimia 58, yeye asilimia 54. La pili, shinikizo ndani ya kifuko halikushuka kwa kiasi cha kuonekana baada ya stenti kuwekwa, na ninahofia kwamba nimekosea masharti ya mipaka, yaani kasi na shinikizo ninazoziweka pale damu inapoingia na kutoka. La tatu, msimamizi wangu ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, kutokana na hesabu hizi ninaweza kusema kwamba aneurizimu hii ingefunga?

Naomba mwenye uzoefu anisaidie, hata kwa kunielekeza mahali nilipokosea.

Mhadhiri_wa_Vimiminika alijibu:

Mdogo wangu, hongera kwa kuifikisha kazi hapo kwa kompyuta ya GB 16. Nitajibu maswali mawili ya mwanzo, la tatu nitawaachia madaktari wa humu.

Kuhusu tofauti ya 1.4 na 2.0, usitafute kwanza kosa kwenye programu. Chukua kalamu na karatasi uangalie ateri iliyonyooka yenye kipenyo cha milimita 4, inayopitisha mililita 4 kwa sekunde. Kasi ya wastani inakuwa kama sentimita 32 kwa sekunde, namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo na ile ya mnato, inakaribia 385, na mkazo wa msuguano ukutani unakuwa takriban paskali 2.2. Sasa jaalia kwamba katika kuuchora mpaka wa mshipa kutoka kwenye picha, au katika kuulainisha, umeula ukuta milimita 0.2 kila upande, hivi kwamba kipenyo kimekuwa milimita 3.6. Mtiririko ni uleule, lakini mkazo unafuata kinyume cha kipenyo kilichopigwa kipeo cha tatu, kwa hiyo unapanda hadi paskali 3.1. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo limezaa kosa la asilimia 37 kwenye mkazo. Milimita 0.2 ni ukubwa wa nukta moja tu katika picha nyingi za angiografia ya pande tatu, na hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba ameuweka mpaka mahali pake kwa usahihi unaoushinda huo.

Wewe na mwenzako mmerudia, kwa udogo, kile kilichotokea kwenye shindano la kimataifa la mwaka 2015, ambapo watafiti walipewa picha za aneurizimu 5 za ateri ya kati ya ubongo na kuachwa wafanye kila kitu kwa njia zao wenyewe. Timu 26 zilileta seti 28 za majibu. Tofauti za namna walivyochora mishipa, urefu wa ateri waliouacha na kiasi cha mtiririko walichoingiza zilifanya wastani wa mkazo ndani ya kifuko utawanyike mno, kiasi kwamba ile nusu ya katikati ya majibu ilitanda hadi kufikia asilimia 56. Walipougawanya mkazo wa kifuko kwa mkazo wa ateri inayokilisha, mtawanyiko huo ulishuka chini ya asilimia 30. Mimi nililisoma tokeo hilo kama ushauri wa moja kwa moja: usiripoti paskali peke yake. Ripoti uwiano wa kifuko na ateri mama, na uwiano wa baada na kabla kwa mgonjwa yuleyule, kwa kuwa kosa la kipenyo na la mtiririko huwa juu na chini ya mstari wa mgawanyo na sehemu kubwa yake hujifuta. Ndiyo maana asilimia 58 na 54 zenu zimekaribiana ilhali paskali zenu zimeachana.

Mililita 4 kwa sekunde ulizoziingiza si mbaya, lakini ni za mtu wa kufikirika. Mgonjwa mwenye ateri nyembamba huenda anapitisha pungufu ya hapo kwa mbali, naye mwenye ateri upande mmoja iliyoziba hupitisha zaidi upande wa pili. Watafiti wa University of Washington, kule Seattle, walichukua njia ngumu zaidi: walipitisha waya wenye vihisi ndani ya ateri wakati wa matibabu, wakapima kasi na shinikizo la mgonjwa mwenyewe, kisha wakavitumia vipimo hivyo kama masharti ya mipaka ya uigaji. Kwa kuwa huna vipimo hivyo, fanya uigaji huo mara tatu, kwa mililita 3, 4 na 5, na uonyeshe jinsi jibu lako linavyosogea. Ukurasa mmoja wa namna hiyo kwenye tasnifu yako utakuwa na uzito kuliko picha kumi za rangi.

Kuhusu shinikizo, masharti yako ya mipaka huenda hayana kosa lolote. Damu inayokwenda sentimita 32 kwa sekunde ina shinikizo la mwendo, yaani nusu ya densiti mara mraba wa kasi, la paskali 54 hivi, ambazo ni sawa na milimita 0.4 za zebaki. Shinikizo la damu la mtu mzima kwenye ateri hucheza karibu na milimita 100 za zebaki. Stenti inaweza kuuvunja mwendo, lakini kifuko bado kimeunganishwa na ateri kupitia vitundu, na shinikizo hupenya vitunduni kama linavyofika kwenye bomba la pembeni lililofungwa mwisho wake. Hata ungeufuta mwendo wote ndani ya kifuko, shinikizo lingeshuka kwa chini ya sehemu moja kati ya mia. Kwa hiyo hesabu yako imekuambia ukweli, nawe usijaribu kuirekebisha mpaka ikupe unachokitarajia.

Nina ombi moja: mapigo matatu ni sawa iwapo unatupa mawili ya mwanzo, lakini hakikisha hatua yako ya muda ni ndogo na kwamba hutumii kanuni ya mkokotoo ya daraja la kwanza. Kanuni hiyo huongeza mnato wa bandia, nayo hufuta mitetemo ya kasi ambayo baadhi ya aneurizimu huwa nayo. Vilevile rudia hesabu kwa wavu wenye vichumba mara mbili ya ulivyo navyo, hata kama itakulazimu kuomba kompyuta ya idara kwa wiki moja.

Daktari_wa_Picha alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya mhadhiri, na ninalichukua swali la tatu, kwa kuwa hapo ndipo wahandisi na sisi madaktari tunapopishana mara nyingi.

Stenti ya kugeuza mtiririko haizibi aneurizimu. Kazi yake ni kuipunguza kasi ya damu ndani ya kifuko mpaka damu ile ianze kuganda yenyewe, na wakati huohuo kuzipa seli za utando wa ndani wa ateri mahali pa kutambaa, mpaka zifunike nyuzi za stenti na kuijenga upya njia ya damu. Mambo haya mawili huchukua miezi. Katika utafiti wa PUFS, uliohusu stenti ya Pipeline kwa wagonjwa wenye aneurizimu kubwa, aneurizimu zilizokuwa zimefunga kabisa kati ya zile zilizopigwa picha zilikuwa asilimia 86.8 baada ya mwaka mmoja, na asilimia 95.2 baada ya miaka mitano. Uigaji wako unaonyesha sekunde tatu za kwanza baada ya stenti kufunguka. Kati ya sekunde hizo na mwaka mmoja kuna biolojia nyingi ambayo haimo kwenye milinganyo ya Navier na Stokes, ile ya mwendo wa vimiminika unayoikokotoa.

Kuna dawa, kwa mfano. Mgonjwa mwenye stenti hupewa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani zisigandamane, mara nyingi klopidogreli, ili stenti yenyewe isizibe na kumletea kiharusi. Kwa maneno mengine, tunaitaka damu igande upande mmoja wa nyuzi zenye unene mdogo kuliko unywele, na isigande upande wa pili, huku dawa ikiwa imesambaa pande zote mbili. Wagonjwa wawili wenye umbo moja la ateri na upungufu uleule wa kasi wanaweza kwenda njia tofauti kwa sababu miili yao haiitikii dawa kwa kiwango kimoja. Kuna pia mishipa midogo inayochipuka kutoka kwenye kifuko au kwenye shingo yake: ikiwa mshipa kama huo unalisha sehemu ya ubongo, utaendelea kuvuta damu kupitia nyuzi za stenti, na aneurizimu inaweza kubaki wazi kwa miaka. Hebu rudi kwenye umbo ulilolichukua, uangalie kama kuna tawi lililokatwa wakati wa kulisafisha. Hilo ni jambo ambalo uigaji wenu unaweza kulionyesha vizuri sana, ila tu tawi lisiwe limefutwa kwa sababu lilisumbua kwenye wavu.

Kuhusu shinikizo, niongeze kwamba swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa hospitalini kabla ya kuwa swali la tasnifu. Wapo wagonjwa wachache ambao aneurizimu zao zilipasuka baada ya kuwekewa stenti ya aina hii, wakati kila mtu alidhani hatari imepita. Mwaka 2011 mtafiti Juan Cebral na wenzake walichapisha uigaji wa aneurizimu chache za namna hiyo, wakapendekeza kwamba pale ambapo ateri ilikuwa imebanwa kabla ya kufika kwenye aneurizimu, kuipanua kwa stenti kunaweza kulipandisha shinikizo ndani ya kifuko. Wengine wanaona kwamba chanzo ni donge la damu lenyewe, ambalo likiganda haraka na kwa wingi hutoa vimeng'enya vinavyoula ukuta uliokwisha kuchoka. Mimi naelekea zaidi kwenye maelezo haya ya pili, ingawa siyaoni kuwa yanayafuta yale ya kwanza.

Kwa hiyo, ukimjibu msimamizi wako, usiseme «itafunga». Unaweza kusema kwamba mtiririko umepungua kufikia kiwango ambacho, kwa wagonjwa waliochunguzwa, kimeendana na kufunga. Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, lakini utaweza kuitetea mbele ya daktari yeyote.

Mwanauzamili_Dar alijibu:

Shikamoo mhadhiri, shikamoo daktari. Nimerudia hesabu kwa mililita 3 na 5 kama nilivyoelekezwa. Mkazo wa msuguano ulisogea sana, lakini upungufu wa kasi ndani ya kifuko ulibaki kati ya asilimia 55 na 61, ukiwa mkubwa zaidi pale mtiririko unapokuwa mdogo. Nimekagua umbo pia, na ni kweli kwamba kulikuwa na tawi jembamba karibu na shingo ambalo nililiondoa mwenyewe mwezi uliopita kwa sababu wavu ulikuwa unakataa kutengenezeka pale. Ninalirudisha.

Swali nililobaki nalo ni hili: huu utando wenye vitundu unatosha kuiwakilisha stenti, au ni lazima nichore nyuzi zote? Na kama kesho nitataka kuigiza koili, yaani waya unaojazwa ndani ya kifuko, badala ya stenti, njia hiyohiyo itafaa?

Mtafiti_Ughaibuni alijibu:

Habari ndugu. Nimefanya kazi hii ya kuigiza vifaa kwa miaka kadhaa huku Ulaya, na swali lako la utando ndilo lililonila usingizi kuliko yote.

Anza na vipimo. Pipeline, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, imefumwa kwa nyuzi 48 za metali zenye unene wa takriban mikromita 30, na ikifunguka sawasawa hufunika kama asilimia 30 hadi 35 ya uso wa silinda yake. Aneurizimu yako ya milimita 7 ni kubwa mara 230 hivi kuliko unene wa uzi mmoja. Ukitaka mtiririko unaouzunguka uzi uonekane vizuri, unahitaji vichumba vya mikromita chache tu kando yake, na hapo milioni 1.6 hugeuka makumi ya mamilioni. Kwa GB 16 hutaweza, na huo si udhaifu wa utafiti wako. Kuna jambo linalokupa nafuu: kwa kasi ya sentimita 10 kwa sekunde, namba ya Reynolds ya uzi mmoja inakaribia 1, maana yake mnato ndio unaotawala pale, na upotevu wa shinikizo unaelekea kuwa wa mstari kulingana na kasi. Utando wenye vitundu huwakilisha jambo hilo kwa uaminifu wa kutosha, mradi tu vigezo vyake vimetolewa kwenye hesabu ndogo ya nyuzi chache zilizochorwa kamili, siyo kukisiwa. Hesabu hiyo ndogo unaweza kuifanya kwenye kompyuta yako.

Mahali ambapo utando hudanganya ni kwenye kona, nayo karotidi ya ndani ni kona tupu. Stenti iliyofumwa ikipinda, vitundu hufunguka upande wa nje wa pindo na kubanana upande wa ndani, na aneurizimu nyingi za pale huota upande wa nje. Tena daktari anayeisukuma stenti anapoifungua huzibananisha nyuzi mbele ya shingo kwa makusudi, na anayeivuta huzitawanya. Utando wa sare hauyajui hayo yote. Ushauri wangu ni kwamba uibadilishe hali ya vitundu kulingana na mpindo wa ateri, hata kwa kanuni rahisi ya jiometri, uone kama asilimia 58 yako inabaki. Mimi nilipofanya hivyo kwenye umbo moja lenye mpindo mkali, mwelekeo wa damu inayoingia kifukoni ulihama kutoka ukingo mmoja wa shingo hadi mwingine, jambo ambalo wastani wa kasi peke yake usingelionyesha.

Koili ni habari nyingine. Guido Guglielmi na wenzake walipozianzisha kwa wagonjwa mwaka 1990 kule Los Angeles, wazo lilikuwa kukijaza kifuko kwa waya laini wa platinamu ili damu igande humo. Fanya hesabu kwa kifuko chako: tufe la milimita 7 lina ujazo wa milimita za ujazo 180, na ukilijaza hadi asilimia 25, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa kizuri, utatumia karibu sentimita 92 za waya wenye unene wa milimita 0.25. Karibu mita nzima ya waya imeingia, na bado robo tatu ya kifuko ni damu. Watu wengi hulichukulia fundo hilo kama sponji lenye uwazi ulio sawa kila mahali, wakatumia kanuni ya Darcy ya mtiririko kupitia vitu vyenye vitundu, na kazi ikaisha. Lakini waya haujipangi sawasawa: hutafuta ukuta, hujikunja kwa nasibu, na mara nyingi huacha nafasi shingoni, mahali ambapo damu hupiga kwa nguvu zaidi.

Ugumu ni kwamba huwezi kuuona mpangilio huo kwa mgonjwa. Platinamu hutawanya miale kwenye picha za CT kiasi kwamba fundo zima huonekana kama doa jeupe lenye mistari. Ndiyo sababu timu ya Seattle aliyoitaja mhadhiri ilichapa mifano ya aneurizimu za wagonjwa kwa printa ya 3D, ikaiweka koili kama zinavyowekwa kwa mgonjwa, kisha ikaipeleka mifano hiyo kwenye maabara ya sinkrotroni ya Grenoble, Ufaransa, ambayo miale yake ya eksirei ina nguvu ya kupenya platinamu na kuonyesha kila mzunguko wa waya. Baada ya hapo waliweza kulinganisha waya halisi na ile sponji ya kufikirika. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ilikwenda kulipima lile ambalo sisi wengine tulikuwa tunalichukulia kuwa kweli kwa urahisi wa hesabu. Kwako wewe, sponji inafaa kwa kuanzia, ila igawe angalau katika tabaka mbili, shingo na kiini, na uzipe uwazi tofauti.

Kuhusu kile kiwango alichokisema daktari, kipo kigezo unachoweza kukitumia. Mwaka 2021 timu ya Alejandro Frangi wa University of Leeds ilichapisha jaribio la stenti lililofanywa lote ndani ya kompyuta, likiwa na wagonjwa 164 wa kufikirika waliotokana na maumbo 82 ya mishipa. Walihesabu kwamba stenti imefanikiwa pale wastani wa kasi ndani ya kifuko ulipopungua kwa angalau asilimia 35. Mafanikio yakawa asilimia 82.9, wakati majaribio matatu yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kweli yalikuwa yametoa asilimia 86.8, 74.8 na 76.8. Ile 86.8 ndiyo ya PUFS aliyoitaja daktari. Kilichonivutia zaidi ya ukaribu wa namba hizo ni kwamba waliweza kuwachunguza wagonjwa haohao wakiwa na shinikizo la kawaida na wakiwa na shinikizo la juu, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa binadamu, na matawi ya pembeni pamoja na shinikizo la juu vikajitokeza miongoni mwa mambo yanayohusiana na stenti kushindwa. Kwa hiyo lile tawi ulilolirudisha, liweke kwenye sura ya matokeo, si kwenye kiambatisho.

Binti_wa_Tanga aliandika:

Samahanini kwa kuingilia mjadala wa wataalamu. Mama yangu aliwekewa koili mwaka juzi baada ya kuvuja damu ubongoni, na ninamshukuru Mungu anatembea na kuongea vizuri. Nimesoma hapa kwamba robo tatu ya kifuko hubaki damu, na moyo umenienda mbio. Je, hesabu hizi za kompyuta zinaweza kufanywa kwa picha zake ili tujue kama yuko salama?

Daktari_wa_Picha alijibu:

Pole sana dada, na hongera kwa kumuuguza mama. Hiyo robo tatu ni ya siku ya matibabu. Damu iliyozingirwa na waya huganda, na baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ya ule ujazo huwa si damu inayotembea tena bali ni donge linalogeuka polepole kuwa kovu. Usiichukue namba hiyo kama kipimo cha hatari aliyo nayo leo.

Uigaji kwa sasa ni chombo cha utafiti. Picha zilizopigwa baada ya koili hazionyeshi mpangilio wa waya, kama alivyoeleza ndugu wa ughaibuni, na hata zingeuonyesha, hakuna daktari makini atakayeamua kumrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji kwa namba ya kompyuta pekee. Kinachotumika ni picha za ufuatiliaji. Tunazisisitiza kwa sababu katika tafiti kubwa zilizojumlishwa pamoja, takriban aneurizimu moja kati ya tano zilizowekwa koili huonyesha kufunguka tena kwa kiasi fulani, na karibu moja kati ya kumi hutibiwa mara ya pili. Kufunguka huko mara nyingi huanzia shingoni na huonekana mapema ikiwa mtu anarudi kupigwa picha. Koili za platinamu hazizuii kipimo cha MRI ya mishipa, na kipimo hicho hakihitaji katheta, lakini peleka maelezo ya kifaa alichowekewa ili wanaompima wakihakiki kwanza.

Muulize daktari wake tarehe ya picha ya mwisho na tarehe ya inayofuata. Kama mama ana shinikizo la damu, dawa zake asiziache hata siku anazojisikia mzima, na kama kuna mvutaji wa sigara hapo nyumbani, yeye mwenyewe akiwemo, hilo nalo mlizungumze wiki hii.

Mwanauzamili_Dar alijibu:

Dada, ninamwombea mama afya njema.

Nimelirudisha tawi. Kwa wavu wa vichumba milioni 3.1, kwenye kompyuta ya idara, upungufu wa kasi umeshuka kutoka asilimia 58 hadi 43, na damu inaonekana wazi ikivuka utando kuelekea kwenye tawi hilo katika kila pigo la moyo. Bado iko juu ya asilimia 35, lakini si kwa umbali niliouzoea. Leo usiku ninaanza kubadilisha vitundu kwenye upande wa nje wa pindo, na nitaleta majibu hapa, yawe yameshuka au yamepanda.